Spika za mezani na amplifaya zake: spika kwanza, wati baadaye

Anayesikiliza akiwa sentimita 70 kutoka kwenye spika ana mahitaji tofauti kabisa na mwenye sebule. Sebuleni sauti lazima ivuke mita tatu, makochi, mapazia na mazungumzo ya watu. Mezani inatoka na kufika papo hapo. Kinachoiharibu ni meza yenyewe inayoirudisha juu, ukuta ulio nyuma ya skrini, mlio mwembamba unaotoka kwenye chaji ya laptopu na, kuliko vyote, spika isiyofaa kusikilizwa kwa karibu. Amplifaya inakuja nyuma ya hayo yote. Lakini madukani mazungumzo huanza na wati, na mnunuzi anaishia kulipia nguvu asiyoitumia, huku spika zenyewe zikiwa za kubahatisha.

Vinavyopimwa hapa ni vya bei ya kati na ya chini: Edifier R1280T na MR4, PreSonus Eris E3.5 na JBL 305P MkII, ambazo zote zina amplifaya ndani. Halafu Aiyima A07 na Fosi Audio V3, amplifaya ndogo za klasi D zinazotoshea kiganjani, zikiendesha spika za kawaida zisizo na umeme, yaani zisizo na amplifaya ndani.

Wati ngapi zinatosha

Hesabu hii ifanywe kabla ya kutoa pesa mfukoni. Chukua spika ya kawaida yenye unyeti wa desibeli 86. Maana yake ukiipa wati 1 (volti 2.83 kwenye omu 8) inatoa desibeli 86 kwa umbali wa mita 1. Ukikaa sentimita 70 unaongeza desibeli 3. Spika ni mbili, ongeza 3 tena. Umefika 92 kwa wati moja kila upande. Sasa, mtu anayefanya kazi huku muziki unapiga husikiliza kwa wastani wa desibeli 70 hadi 75. Kwa wastani wa 75, kila upande unatumia wati 0.02. Ngoma ikipigwa ghafla, kilele chake kinaweza kuupita wastani kwa desibeli 20, yaani nguvu mara 100, na hapo unahitaji wati 2. Ukiongeza besi kwa desibeli 6 kwenye programu ya kurekebisha sauti, zidisha kwa nne: wati 8. Amplifaya yenye wati 20 za kweli imemaliza kazi yote ya mezani na imebakiza akiba.

Masikio nayo yana kikomo chao. Shirika la Afya Duniani linaweka desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa mpaka wa mtu mzima. Anayekaa mbele ya spika saa nane kila siku, siku tano, ameshazimaliza saa 40 hizo, kwa hiyo hata hiyo 80 asiivuke.

Basi namba kubwa za kwenye tangazo zinatoka wapi? Geuza adapta ya umeme, soma kibandiko chake, zidisha volti kwa ampea. Volti 32 kwa ampea 5 ni wati 160 kwa jumla. Klasi D hupoteza kidogo tu, tuseme sehemu moja ya kumi, kwa hiyo zinabaki kama wati 140 za kugawana pande mbili. Fosi V3 inatangazwa kwa wati 300 mara mbili, ilhali adapta yake kubwa, ya volti 48 na ampea 5, haizidi wati 240 kwa pande zote. Ile 300 inatokana na uwezo wa chipu iliyomo, TPA3255 ya Texas Instruments, inapoendesha spika za omu 4 kwa volti ya juu na upotoshaji wa asilimia 10. Hakuna anayetaka kusikiliza muziki uliopotoka kwa asilimia 10.

Dari la pili ni volti. Amplifaya ndogo za klasi D, kwa spika za omu 8, zinafika takriban wati 9 kila upande zikipewa volti 12 (kwa zile zinazoikubali), wati 36 kwa volti 24, wati 64 kwa volti 32, na wati 144 kwa volti 48. Kwa omu 4 zidisha kwa mbili, mpaka adapta ikuzuie. Kwa meza, adapta ya volti 32 inatosha na kusaza. Ile ya 48 ni kubwa zaidi, inagharimu zaidi, na haiondoi tatizo la kitufe cha sauti litakaloelezwa mbele.

Na PMPO, ile namba kubwa ya wati kwenye maboksi? Hiyo si kipimo. Hakuna kanuni inayosema ipimwe vipi, kwa hiyo boksi linaweza kubeba namba yoyote. Tafuta neno RMS, yaani wati ambazo kifaa kinaweza kuzitoa mfululizo. Lisipokuwepo kwenye boksi wala nyuma ya spika, tumia hesabu ya adapta au soma kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme unaoingia. Kifaa kinachovuta wati 50 kutoka ukutani hakiwezi kutoa 80.

Sabufa ya sebuleni haifai mezani

Hili linawagusa wengi, maana sabufa ndiyo redio ya nyumba nyingi kuanzia Mombasa hadi Mwanza, na mwanafunzi akihamia chumba chake hununua ndogo yake. Kwa sherehe na kwa mpira ni sawa. Mezani inaanguka kwa sababu ya muundo wake: spika ndogo za pembeni mara nyingi zina koni moja tu, nyembamba, isiyoweza kushuka chini, kwa hiyo boksi la besi linalazimika kupanda mpaka kwenye sehemu ya chini ya sauti ya binadamu. Matokeo yake ni kwamba mtangazaji mwanamume anasikika nusu kutoka kwenye skrini na nusu kutoka miguuni pako. Besi yenyewe inakuwa ya noti moja: kila gitaa la besi linapiga "bum" ileile. Kwa pesa ya sabufa nzuri unapata jozi ya spika zenye koni ya nchi 4 na twita (kispika cha sauti za juu) ya kweli. Besi itapungua, ila utaanza kusikia noti.

Udogo si kilema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, BBC walihitaji spika ya kukagulia sauti ndani ya magari ya matangazo ya nje, mahali ambapo fundi anakaa karibu kabisa na spika. Wakatengeneza LS3/5A, boksi la kama lita 5 lenye spika za KEF ndani. Haikuwa na besi nzito wala haikupiga kwa nguvu, lakini sauti ya mtu ilisikika kama mtu. Kazi ya meza ni ileile ya gari lile.

R1280T na MR4

Hizi mbili huwekwa pamoja kwa sababu zinafanana kwa ukubwa (urefu karibu sentimita 23), kwa koni ya nchi 4, na kwa nguvu: wati 42 RMS kwa jumla, yaani 21 kila upande. Rudi kwenye hesabu ya juu uone kwamba zinatosha.

R1280T ni spika ya kupumzikia. Ina matundu ya hewa mbele, jambo jema kwa meza iliyobanwa ukutani, vitufe vya besi na trebo ubavuni, rimoti, na maingizo mawili ya RCA, yale ya jeki nyekundu na nyeupe. Twita yake ni ya milimita 13. Sauti yake ina joto: besi ya juu imejaa, trebo imetulia. Taarab yenye fidla nyingi haichomi masikio, na muziki uliorekodiwa vibaya unasikika vizuri kuliko unavyostahili. Kasoro iko hapohapo. Kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, inapoteza ule ukali wa kucha kwenye uzi, na sauti za watu wawili wanaoimba pamoja zinakaribiana kuliko zilivyo. Kiwanda chenyewe kinaandika kwamba inashuka hadi hezi 75. Ndugu yake, R1280DB, anaongeza bluetooth na ingizo la macho (optical), linalopitisha sauti kwa mwanga. Kama spika zitatumika na televisheni pia, lipia tofauti hiyo.

MR4 ndiyo ambayo watu wengi wanapaswa kununua. Twita ni ya nchi 1, imezungushiwa kisahani kinachoongoza sauti, na mpangilio wa jumla ni sawa zaidi kutoka chini hadi juu. Inashuka hadi hezi 60 kwa maandishi ya kiwanda. Nyuma kuna RCA na ingizo la balansi (aina inayokinga kelele za waya) la jeki kubwa ya milimita 6.35, mbele kuna tundu la simu na tundu la hedifoni, na kitufe cha mbele ukikibonyeza kinabadilisha kati ya hali ya usikilizaji makini na hali ya muziki. Iache kwenye hali ya kwanza. Ile ya pili inapandisha besi na trebo, inafurahisha kwa dakika kumi na kuchosha kwa saa mbili. Haina bluetooth wala rimoti. Sauti ya mtu ndipo inapoishinda R1280T waziwazi: weka taarifa ya habari, funga macho, msomaji anakaa katikati ya skrini wala hasogei.

Kwa zote mbili, amplifaya iko kwenye spika moja na ile nyingine inafuata kwa waya. Spika yenye amplifaya iwe upande ulio karibu na soketi, na hakikisha waya wa kuunganisha unatosha upana wa meza yako ukipita nyuma ya skrini, si hewani.

JBL 305P, na kidogo kuhusu Eris

JBL 305P MkII ni spika ya studio: koni ya nchi 5, na kila spika ina amplifaya mbili za wati 41, moja ya koni na moja ya twita. Kwa usahihi na kwa upana wa eneo zuri la kukaa inazipita zote za hapa. Unaweza kuegemea kiti bila sauti kubadilika rangi. Kabla hujaifurahia, pima meza. Urefu ni karibu sentimita 30, kina karibu 23, na tundu la hewa liko nyuma, kwa hiyo acha angalau sentimita 10 kabla ya ukuta. Kwenye meza ya kina cha sentimita 60 inabaki chini ya 30 kwa kibodi na mikono.

Mambo matatu yanawashangaza wanunuzi. Kwanza, haina RCA wala tundu dogo la simu; unahitaji waya wa kutoka jeki ya milimita 3.5 kwenda jeki mbili kubwa za upande mmoja mmoja. Usinunue waya wenye jeki moja kubwa ya stereo, hautafanya kazi. Pili, kila spika ina waya wake wa umeme na kitufe chake cha sauti, nyuma, kwa hiyo sauti utaitawala kutoka kwenye kompyuta au kwenye DAC (kifaa kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya analogi) yenye kitufe. Tatu, ina mlio wa "shhh" kwenye twita hata muziki ukiwa umezimwa. Kwa mita mbili husikii. Kwa sentimita 70, usiku, chumba kikiwa kimya, unausikia. Mlio huo hauondoki kwa kubadilisha waya wala DAC. Punguza vitufe vya nyuma na uongeze upande wa chanzo, nao utapungua kiasi. Mwenye masikio yanayokamata kila mlio achukue MR4.

Nyuma kuna swichi ya kupunguza besi kwa desibeli 1.5 au 3 kwa ajili ya ukuta na meza. Mezani anza na punguzo la 3.

Eris E3.5 inafaa pale ambapo nafasi ni finyu kweli: urefu wa sentimita 21, koni ya nchi 3.5, wati 25 kila upande. Inaishia hezi 80, tundu la hewa liko nyuma. Ni nzuri kwa podikasti na kuhariri video. Kwa bongo fleva utaukosa mguu wa wimbo.

Aiyima A07 na Fosi V3 na spika zisizo na umeme

Njia hii ina faida moja kubwa: kifaa kikifa, unabadilisha kifaa kimoja. Spika nzuri zisizo na umeme hudumu miaka 20, na amplifaya ya chini ya dola 100 inabadilishwa bila kilio. Hasara ni nyaya nyingi zaidi, adapta kubwa chini ya meza, na kwamba hakuna aliyezioanisha spika na amplifaya kiwandani.

A07 na V3 zote zina TPA3255, zote zinapokea RCA tu. Hazina bluetooth, hedifoni wala DAC. Kwa sauti hakuna sababu ya kubishana kati ya hizi mbili. V3 imejengwa vizuri zaidi kwa nje. A07 ni ya bei nafuu zaidi. Anayetaka USB, bluetooth, hedifoni na rimoti kwenye kiboksi kimoja atazame Loxjie A30, yenye chipu ya MA12070, badala ya kununua vipande vitatu.

Kuna tabia moja ya A07 na V3 inayofaa kujulikana. Kichujio cha mwisho kiko nje ya mzunguko wa kujirekebisha, kwa hiyo sehemu ya juu kabisa ya trebo hufuata spika iliyofungwa: kwenye omu 8 inapanda kidogo, kwenye omu 4 inashuka kidogo. Si kitu cha kukosesha usingizi, ila kinaeleza kwa nini watu wawili wenye amplifaya ileile hawakubaliani, mmoja akisema inang'aa na mwenzake akisema imefifia. V3 Mono imelirekebisha hilo, lakini unahitaji mbili, na kwa meza ni matumizi ya ziada.

Tatizo la kitufe cha sauti ni hili. Amplifaya ina nguvu nyingi na wewe unakaa karibu, kwa hiyo unatumia sehemu ndogo ya mwanzo ya mzunguko wa kitufe. Pale mwanzoni vitufe vya bei nafuu havilingani: upande wa kushoto unaanza kabla ya kulia, na mwimbaji anahamia pembeni. Dawa ni kupunguza sauti ya chanzo kwa desibeli 10 kwenye kompyuta, kisha kupandisha kitufe hadi karibu na katikati, ambapo pande mbili zinalingana. Adapta ya volti 48 haibadilishi lolote hapa. Adapta ndogo ya Apple ya USB-C kwenda jeki ya hedifoni, inayouzwa dola 9 Marekani, hutoa kama volti 1 badala ya volti 2 za DAC nyingi za mezani, na kwa kazi hii udogo huo ni msaada. Kwenye kompyuta inafanya kazi vizuri sana. Kwenye simu nyingi za Android sauti yake inabaki chini.

Kubadilisha zile chipu ndogo za NE5532 zilizo kwenye soketi ndani ya amplifaya hizi ni kupoteza pesa. NE5532 haina kosa lolote linalosikika katika kazi hii, na ukiipachika mbadala kinyume unaweza kuunguza ubao.

La kuzingatia kwa uzito: terminali nyeusi za amplifaya hizi si eneo la sifuri. Zina umeme wa sauti sawa na nyekundu. Usiunganishe nyeusi mbili pamoja, usizigusishe na bodi ya chuma, usitengeneze waya wa hedifoni kutoka hapo. Amplifaya ya zamani ingevumilia. Hii inajizima au inakufa.

Kwa upande wa spika: Micca MB42X ina urefu wa kama sentimita 24 na inakaa mezani bila ugomvi. Sony SS-CS5 na JBL Stage A130, zote za omu 6, zina sauti kubwa na pana zaidi lakini urefu wake unapita sentimita 30 na matundu yako nyuma. Ni za meza pana, au za stendi nyuma ya meza. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.75 unatosha kabisa kwa mita 2. Ule mwembamba kama uzi unaokuja bure na redio uwekee matumizi mengine.

Kuziweka

Hapa ndipo spika ya dola 130 inaposhindwa au kuishinda ya dola 300. Ukiziweka chini mezani, twita inatazama kifua chako, na sauti inakufikia mara mbili: moja kwa moja, na kwa kudunda mezani. Tuseme twita iko sentimita 15 juu ya meza, sikio sentimita 40, umbali sentimita 70. Sauti iliyodunda inasafiri karibu sentimita 15 zaidi. Tofauti hiyo inafuta sauti karibu na hezi 1,200, katikati kabisa ya maneno ya mtu. Ndiyo ile hali ya mwimbaji kusikika kama anaimba ndani ya ndoo. Ukizipandisha mpaka twita ifike usawa wa sikio, shimo hilo linashuka karibu na hezi 470, na mdundo unakufikia kutoka pembe kali zaidi, ukiwa dhaifu.

Stendi za kuinamisha zinasaidia, lakini urefu ndio dawa. Kipande cha mbao au kiboksi kizito cha sentimita 15 hadi 20, na kipande cha sponji ngumu au mpira chini ya spika, kinatosha. Sponji inazuia meza isitetemeke. Haiondoi mdundo, na anayeiuza kwa ahadi hiyo anakosea.

Spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu ya pande sawa, kila upande sentimita 70 hadi 90, zikitazama masikio. Ukuta wa nyuma unaongeza besi. Spika ikiwa karibu nao na juu ya meza, sehemu ya kati ya hezi 150 na 300 inavimba. Kwenye Windows weka Equalizer APO, programu ya kurekebisha sauti, ni bure, na upunguze desibeli 3 au 4 kwenye hezi 200. Badiliko hilo moja linasikika kuliko kubadilisha DAC mara tano. Usijaribu kupandisha hezi 40 kwenye koni ya nchi 4: koni itasafiri mpaka mwisho wake, na badala ya besi utapata kishindo.

Kelele

Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza kipanya au ukifungua video nzito unatoka kwenye kompyuta. Chomoa chaji ya laptopu iende kwa betri. Ukinyamaza, ni mzunguko wa umeme kati ya chaji, USB na amplifaya. Kwanza chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, weka kitenganishi kidogo cha transfoma kwenye waya wa milimita 3.5, ni cha bei ndogo na hula besi ya chini kidogo, ambayo spika hizi hazina hata hivyo. Kama kifaa kina ingizo la macho, litumie, maana halipitishi umeme. Mngurumo mzito usiobadilika ni kitu kingine: mara nyingi ni RCA iliyolegea au waya wa sauti uliolala juu ya adapta. Tenganisha.

Adapta nyingi za amplifaya hizi zinakubali volti 100 hadi 240, lakini spika zenye transfoma ndani zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zinaweza kuwa za volti 120 tu. Soma nyuma kabla ya kuchomeka kitu kilicholetwa na ndugu kutoka ng'ambo. Na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo hauui ukiwa umekatika, unaua ukirudi. Weka kilinzi kinachochelewesha umeme kama kile cha friji.

Kwa wanaotumia sola, kuna njia fupi isiyohitaji kibadilishi (inverter). Amplifaya yenye chipu ya TPA3116D2 inakubali volti 4.5 hadi 26, kwa hiyo inafungwa moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 kupitia fyuzi ya ampea 5. Itatoa wati 9 kwa omu 8, au karibu 18 kwa omu 4. Kwa sentimita 70 hesabu imeshasema zinatosha. Za TPA3255 ziache. Zinataka volti ya juu zaidi.

Dukani, iwe Kariakoo au Luthuli, nenda na simu yenye vitu vitatu: taarifa ya habari, wimbo wa taarab wenye kanuni, na wimbo wenye besi inayotembea. Weka vitufe vya besi na trebo katikati. Kaa karibu, si mlangoni. Sukuma koni taratibu kwa vidole viwili pande zote. Ikikwaruza, imeungua au imepinda. Pandisha sauti bila muziki usikilize twita. Mwisho cheza sauti ya mtu mmoja kwa spika zote mbili: ikielea pembeni na besi ikapotea, spika moja imefungwa kinyume. Geuza nyekundu na nyeusi upande mmoja tu, cheza tena.